Kwasa Kwasa Ni Nini?

Ujiji, mwishoni mwa miaka ya 1980, kulikuwa na fundi cherehani aliyevuka ziwa kutoka Kalemie, upande wa Kongo. Alikodi kibaraza cha nyumba iliyotazamana na yetu, akaweka cherehani ya kukanyaga, pasi ya mkaa na redio ya mawe manne iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili mfuniko wa nyuma usidondoke. Redio ile ndiyo iliyotuvuta. Watoto wa mtaa mzima tulijua saa ambayo fundi angeachana na taarifa ya habari na kuanza kuzungusha kitufe taratibu, akipita kwenye mikwaruzo na miluzi, mpaka gitaa la Kinshasa litokeze kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango.

Gitaa likitokeza, tulicheza. Mchezo wa wakati ule kila mtu aliujua: unatanua miguu kidogo, unalegeza magoti, unakipeleka kiuno mbele na nyuma kwa mzunguko, na mikono miwili, ikiwa mbele yako, inakifuata kiuno kinakokwenda. Kwasa kwasa. Bibi yangu alikuwa akifunga dirisha.

Siku moja binamu yangu, ambaye hakuweza kulala na swali tumboni, akamwuliza: "Fundi, kwasa kwasa maana yake nini?"

Fundi akaacha kukanyaga. "Ni nini ile," akasema.

Tukadhani hakusikia. Binamu akapaza sauti: "Kwasa kwasa! Maana yake!"

"Batoto, nimesema. Ni nini ile! Ni nini ile!" Akacheka, akainuka, akacheza hatua mbili tatu huku futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kisha akarudi kwenye kiti chake na kuendelea na suruali ya watu.

Tuliondoka tumekubaliana kwamba fundi hajui. Nilikaa na hukumu hiyo kwa zaidi ya miaka 20.

Kifaransa nilikianza ukubwani, Dar es Salaam, kwenye darasa la jioni baada ya kazi. Wiki ya pili mwalimu alikuja na mfuko wenye vitu vya nyumbani: kikombe, ufunguo, soksi, limau. Alinyanyua kimoja kimoja na kutuuliza, halafu tukatakiwa tuulizane wenyewe. Kitabu kilitaka tuseme Qu'est-ce que c'est? Yeye akatuambia kwamba hilo ni la kitabuni na la wageni. Watu wakiwa nyumbani kwao au barabarani husema C'est quoi, ça? Akalitamka polepole akilikatakata ili tulishike. Se. Kwa. Sa. Kisha akatutaka tulirudie sote kwa pamoja, nasi tukalirudia, watu wazima kumi na kitu, makarani na madereva wa watalii, tukiimba kama darasa la kwanza: kwa sa, kwa sa.

Nilikuwa nimeshika limau mkononi, na nikasikia cherehani.

Fundi alikuwa ametujibu. Alitujibu mara mbili, kwa Kiswahili cha kwao, neno kwa neno, pasipo kupunguza wala kuongeza. Quoi ni "nini". Ça ni "hiyo", au "ile" kwa namna watu wa Kalemie wanavyosema. Tulimwuliza maana ya neno ambalo lenyewe ni swali, na yeye akatupa swali lile lile katika lugha yetu. Sisi tukaona mtu mzima aliyeshindwa kujibu watoto.

Tangu jioni ile nimekuwa mtu wa kulifuatilia neno hili popote linapojitokeza, na nililokuja kuliona ni kwamba limesafiri zaidi ya wengi tuliolicheza.

Nianze na namna linavyoandikwa, kwa sababu tahajia nayo ina habari. Kwenye majalada ya santuri na kaseti za wakati ule imeandikwa kwassa, kwa s mbili. Sisi tunaandika kwasa. Sababu ni Kifaransa: s moja ikikaa katikati ya irabu mbili, Mfaransa huisoma z, kwa hiyo kwasa kwake ingesomeka "kwaza", na kwaza ni jambo jingine kabisa. Hivyo neno likaongezewa s ili macho ya Kifaransa yalisome sawasawa. Lakini tazama herufi ya kwanza. Quoi imetupwa, imewekwa kw, ambayo Kifaransa hakiitumii kwa maneno yake. Aliyeliandika hivyo alikuwa na mguu mmoja kila upande. Hakutaka lionekane Kifaransa, ila alitaka Wafaransa waweze kulitamka.

Halafu kuna kule kurudiwa. Hapa ndipo ninapomvulia kofia Mkongo. Kifaransa hakina desturi ya kurudia neno zima ili kulitia mwendo. Lugha zetu ndizo zenye desturi hiyo. Polepole, harakaharaka, sawasawa, tembeatembea: ukilirudia neno, jambo linaendelea, linatawanyika, linakolea. Mfaransa akirudia swali lake mara mbili, huenda hakusikika au ameanza kukasirika. Kinshasa ilirudia swali hilo hilo na likapata pigo la ngoma. Hata wale wasiojua neno moja la Kifaransa, kama sisi watoto wa Ujiji, tulilipokea bila kulishangaa, kwa kuwa umbo lake lilikuwa la nyumbani. Kwa wengi wetu "kwa" ilikuwa neno la kila siku, na "sa" haikuwa mbali na "saa" wala "sasa". Lilikaa mdomoni kama limezaliwa humo.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mchezo wenyewe ni Jeanora, fundi wa magari wa Kinshasa. Fundi mwingine. Napenda kwamba Kiswahili kinawaita kwa jina moja, yule wa kufungua injini na yule wa kukata kitambaa. Kutoka kwake mchezo ukadakwa na bendi: Zaiko Langa Langa, Viva la Musica ya Papa Wemba, Empire Bakuba ya Pepe Kalle. Na zilikuwa na watu maalumu wa kuuchochea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Zaiko walikuwa wameingiza jukwaani atalaku, mtu ambaye kazi yake si kuimba wimbo bali kupiga mayowe ya kuwaamsha wachezaji gitaa linapochukua usukani, mkononi ana kayamba iliyotengenezwa kwa kopo la dawa ya wadudu. Sasa chukua swali fupi la silabi mbili, mpe mtu mwenye kazi ya kupiga mayowe, umrudishe kwenye muziki unaokwenda mbio. Neno kama hili lingemkosaje?

Ninavyolisikia mimi, ndani yake mna watu wawili. Wa kwanza ni mpita njia aliyekuta vijana wanafanya na viuno vyao jambo ambalo hajapata kuliona, akauliza: nini hiyo? Mshangao wake ukageuka jina la kitu kilichomshangaza. Huyo ni wa furaha. Wa pili ni mzito zaidi. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji mpaka tarehe 30 Juni 1960, na Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi, ya darasa na ya msimamizi. Katika nchi ya namna hiyo, "hiki ni nini?" ni swali analouliza mwenye mamlaka akikunjua kifurushi chako kwa ncha ya fimbo. Siwezi kuthibitisha kwamba Jeanora au yeyote wa kizazi chake alilifikiria hilo. Lakini nikiwaona vijana wa Kinshasa wakilichukua swali lile na kulijibu kwa kiuno, siwezi kuacha kuona kwamba wamelinyang'anya mikononi mwa mtu.

Tena lilifanyika wakati ambapo serikali yao ilikuwa imepiga vita majina ya kigeni. Mobutu aliibadili nchi ikawa Zaire mwaka 1971, na mwaka uliofuata raia wakatakiwa kuacha majina ya Kizungu na kuchukua ya asili. Suti na tai navyo vikapigwa marufuku. Mwanaume akavaa koti la kola fupi lisilohitaji shati wala tai. Koti hilo likaitwa abacost. Ni Kifaransa kilichofupishwa: à bas le costume, yaani "suti ife!" Vazi la uasili lenyewe lilibatizwa kwa Kifaransa. Fundi wetu aliwashonea wanaume wa mtaa Kaunda suti na kuziita abakosti, na wateja wakadhani ni aina ya kitambaa. Kwa hiyo sioni ajabu kwamba mchezo mkubwa kuliko yote wa Zaire ya miaka ya 1980 ulibeba swali la Kifaransa kifuani. Amri iliondoa majina ya Kizungu kwenye vyeti vya kuzaliwa. Mtaani Kifaransa kilikwisha kuwa mali ya watu, wakakikatakata watakavyo.

Kwasa kwasa ina dada yake mkubwa, naye pia alitoka huko huko. Soukous. Hili linatokana na secouer, kutikisa, na secousse, mtikiso. Mwanzoni, katika miaka ya 1960, lilikuwa jina la mchezo tu, mmoja kati ya michezo mingi iliyokuja na kupita juu ya rumba. Baadaye, muziki ulipohamia Paris na London, wauza santuri walihitaji neno moja la kubandika kwenye rafu zote, wakalichukua hilo. Hivyo mtikiso mmoja ukafanywa jina la muziki mzima wa nchi mbili. Wakongo wenyewe hawakulichangamkia sana. Kwao ulibaki kuwa rumba, au muziki tu, na ilipofika Desemba 2021 ni jina la rumba, si soukous, ambalo Kongo zote mbili zililipeleka na likaandikwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Nina udhaifu na neno soukous kwa sababu ya Kiswahili. Sisi tuna "suka": unasuka maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi ijitenge, na unaposukasuka kitu unakitikisa. Nilipokuwa kijana niliamini kabisa kwamba sukusi ni Kiswahili kilichopotea njia. Ni bahati nasibu ya sauti, hakuna zaidi, na nimekubali. Ila bado nikilisikia naona kibuyu.

Huku kwetu hatukuhitaji neno la Paris. Wakenya waliuita muziki huo Lingala, kwa jina la lugha yake. Watanzania tuliuita bolingo, neno la Kilingala la mapenzi, kwa kuwa ndilo lililojirudia mno nyimboni. Inasikitisha kidogo na inafurahisha: watu wawili majirani wasioelewa maneno, mmoja akaupa muziki jina la lugha asiyoielewa, mwingine akaupa jina la neno pekee aliloelewa. Na haikuwa kwamba hatukuwa na majina yetu ya michezo. Bendi za Dar es Salaam kila moja ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa kama bendera. Mlimani Park walikuwa na Sikinde. Maquis, ambao wenyewe walitoka Zaire na kuhamia Dar es Salaam miaka ya 1970, walikuja na Kamanyola bila jasho, wakaja na Ogelea piga mbizi. Mtindo ulikuwa wa bendi; shabiki wa mmoja hakuutaja wa mwingine kwa wema. Kwasa kwasa ilipoingia haikuwa ya mtu. Ilipigwa na kila bendi na kuchezwa na kila mtu, labda kwa sababu swali haliwezi kuwa na mwenyewe.

Aliyelipeleka mbali zaidi ni Kanda Bongo Man. Mzaliwa wa Inongo mwaka 1955, alihamia Paris mwaka 1979, na huko alifanya jambo ambalo kwa masikio ya leo laonekana dogo. Wimbo wa rumba wa zamani ulikuwa na adabu yake: kwanza unaimbwa pole, kisa kinasimuliwa, kwaya inaitikia, watu wamekumbatiana. Ukifika katikati au karibu na mwisho ndipo gitaa linaachiwa, sebene inaanza, na wachezaji wanaachana. Ilibidi uvumilie. Kanda Bongo Man akaileta sebene mbele. Gitaa la Diblo Dibala lilikuwa linaachiwa baada ya kila ubeti, mara nyingine tangu mwanzo wa wimbo, na vyombo vya kupuliza vikawekwa kando ili nafasi ibaki. Diblo alikuwa na vidole ambavyo sikuweza kuvihesabu hata nilipokuja kumwona kwenye video. Kwasa kwasa iliuhitaji mpangilio huo, kwa kuwa kiuno hakitaki kusubiri dakika nne za mashairi. Baadaye Diblo na Aurlus Mabele waliunda bendi, wakaiita Loketo. Ni Kilingala: kiuno. Hawakuficha walichokuwa wakikiuza.

Upande wa nyumbani, picha yangu ya kwasa kwasa ni Pepe Kalle. Mtu wa mita 2 hivi, mnene, mwenye sauti nzito iliyoweza ghafla kuwa laini, na pembeni yake Emoro, mcheza dansi mwenye kimo cha mtoto. Watu walikuja kwa sababu ya kioja cha kuwaona pamoja, na wengi wakaishia kumtazama Emoro kwa jinsi alivyocheza. Nimetazama video zile mara nyingi. Mwili wa Pepe Kalle unakwenda taratibu, kila mzunguko una uzito. Wa Emoro unakwenda mara mbili ndani ya nafasi hiyo hiyo. Ni mchezo uleule, na ukiwatazama wawili hao unauelewa kuliko ukimtazama mmoja. Emoro alifariki mwaka 1992, Empire Bakuba wakiwa ziarani Botswana. Pepe Kalle alimfuata Novemba 1998, akiwa bado hajafika miaka 50.

Botswana hiyo hiyo ililichukua neno na kulifanya lake. Leo ukisema kwasa kwasa Gaborone, vijana hawakumbuki mchezo wa Kinshasa. Wanafikiria muziki wao, unaoimbwa na wanamuziki wao, wenye gitaa lenye asili ya Kongo. Mchezo ukawa muziki. Lakini safari ya ajabu kuliko zote neno limeifanya baharini, na hiyo niliijua kwa kuchelewa.

Ilikuwa kwenye harusi, Dar es Salaam, miaka michache iliyopita. Ilipofika saa sita usiku DJ akaamua kuwakumbuka wakubwa, akaweka gitaa la Paris la mwaka 1989 au hapo karibu. Ukumbi ukainuka. Wanawake waliokuwa wamelalamika magoti jioni nzima wakavua viatu. Mezani kwetu alibaki mama mmoja, jirani yangu, Mkomoro wa Nzwani aliyeolewa hapa zamani. Nikamwendea.

"Mama, twende. Kwasa kwasa hii, usiniambie kwenu haikufika."

"Ilifika, mwanangu," akasema. "Lakini kwetu siku hizi kwasa haichezwi. Kwetu kwasa inapandwa."

Kwasa kwasa, kwa Wakomoro, ni boti. Ni boti ya uvuvi ya faiba, urefu wake kati ya mita 7 na 10, yenye injini moja au mbili za kufungwa nyuma. Wavuvi wa visiwa hivyo wana galawa, ambayo ni ndugu ya ngalawa yetu kwa jina na kwa umbo, na lugha yao ni ndugu ya Kiswahili hivyo hivyo. Boti hizi za injini zilipokuja, zilivyoyumba kwenye mawimbi ziliwakumbusha watu kile kiuno cha kwenye video: mbele, nyuma, upande, tena. Wakaziita kwasa kwasa.

Visiwa ni vinne: Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte. Uhuru ulipotangazwa tarehe 6 Julai 1975, Maore ilibaki chini ya Ufaransa, kwa kuwa huko wengi walikuwa wamepiga kura ya kutoondoka. Kwa miaka 20 mingine watu walivuka kwenda na kurudi kama walivyovuka daima. Shangazi yuko Maore, shamba liko Nzwani, hospitali bora iko Maore, makaburi yako kote. Januari 1995 Ufaransa ikaweka viza. Tarehe 31 Machi 2011 Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa, na kwa hiyo kipande cha Ulaya katikati ya bahari yetu. Kutoka Nzwani ni kilomita 70 hivi. Viza ni shida kuipata, boti ipo ufukweni. Wanapanda usiku, wakiwa wamejaa kupita kiasi, wajawazito, wagonjwa, vijana, watoto waliokabidhiwa mtu. Ripoti ya Baraza la Seneti la Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba tangu viza iwekwe walikuwa wamekufa baharini kati ya watu 7,000 na 10,000. Idadi ya watu wa mji mdogo imezama chini ya jina la dansi.

Na neno likarudi Ufaransa. Tarehe 1 Juni 2017 rais mpya wa nchi hiyo, Emmanuel Macron, alitembelea kituo cha uokoaji wa baharini huko Étel, pwani ya Bretagne. Mazungumzo yakagusa aina za boti, zikatajwa kwasa kwasa, naye akatania kwamba kwasa kwasa huvua kidogo, huleta Wakomoro. Kamera zilikuwa zinarekodi. Wakomoro walikasirika na walistahili kukasirika; ilibidi baadaye ampigie simu Rais Azali Assoumani wa Komoro. Waliotafsiri habari ile kwa Kiswahili waliandika "huleta Wakomoro", kama nilivyoandika mimi hapo juu, na kwa tafsiri hiyo ubaya wenyewe unapotea njiani. Alichosema ni du Comorien. Mwalimu wangu wa jioni alitufundisha du kwa mfuko ule ule wa vitu vya nyumbani. Ni namna ya kutaja kiasi fulani cha kitu kisichohesabika: du pain, mkate, du lait, maziwa, du poisson, samaki, kama shehena. Hakusema watu. Alisema, kwa sarufi ya sokoni, kwamba boti ile haileti samaki wengi, inaleta kiasi fulani cha Mkomoro. Niliisikiliza sentensi ile mara nyingi nikitafuta njia ya kumtetea, kwa sababu mzaha huponyoka kila mtu. Sikuipata. Anayejua lugha yake kama yeye huijua du tangu akiwa mtoto wa miaka miwili.

Nikafikiria pia kwamba neno alilolitamka, na akalitamka vizuri, lilikuwa la kwao. Quoi, ça? Limetoka kinywani mwa Kifaransa, likapita Kinshasa, likacheza Afrika nzima, likapanda boti, likamrudia rais wa Ufaransa likiwa limevaa k na w, naye hakulitambua. Sisemi kwamba alipaswa kulitambua. Nami lilinipita miaka 20 nikilicheza.

Usiku ule wa harusi, hayo ya Étel sikuyataja. Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa kitupu karibu na yule mama na kumwuliza inavyokuwa ndani ya boti. Hakueleza kwa maneno mwanzoni. Alisogeza glasi ya soda, akalaza kiganja mezani, akakiinua kidogo, akakiyumbisha: mbele, nyuma, mzunguko mdogo upande, tena mbele. Taratibu. Kilikuwa kile kiuno cha fundi wa Ujiji, kisichokosewa, kimehamia kwenye mkono wa mama mwenye hina. Nyuma yetu wimbo ulikuwa umefika kwenye sebene na watu walikuwa wanapiga vigelegele.

"Mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyepanda," akasema. "Miezi minane sasa."

"Alifika?"

"Alifika. Wakamkamata siku ya tatu, wakamrudisha Nzwani kwa meli." Kiganja kilikuwa bado kinayumba. "Akapanda tena."